Kongwa: Ardhi, Maji na Hesabu ya Watu katika Mji Mdogo wa Ugogo

Kongwa ni mji mdogo ulioko mashariki ya jiji la Dodoma, kiasi cha kilomita 90 kwa barabara, katika uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Msafiri anayetoka Dodoma kuelekea Morogoro huiacha barabara kuu katika kijiji cha Mbande, akashika upande wa kusini-mashariki hadi anapoufikia mji, na barabara hiyohiyo humpeleka mbele zaidi hadi Mpwapwa, ikiizunguka milima ya Kiboriani inayozitenga wilaya za Kongwa na Mpwapwa. Kwa macho ya mpita njia hapana kikubwa kinachoutofautisha mji huu na miji mingine ya kati ya Tanzania, kwa kuwa una ofisi za halmashauri, hospitali, soko, makanisa na misikiti, shule, na nyumba za bati zilizotawanyika kati ya mibuyu na migunga. Hata hivyo ni miji michache ya ukubwa wake iliyojaa na kupwaa mara nyingi kiasi hicho ndani ya karne moja, na karibu kila mara uamuzi wa kuujaza au kuuacha mji huu ulifanywa mbali na Ugogo, nchi ya Wagogo, na watu ambao hawakuwa wakinywa maji ya visima vyake.

Istilahi ya mji mdogo, kama inavyotumika katika utawala wa Tanzania, haielezi ukubwa tu bali ni cheo cha kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za wilaya, Na. 7 ya 1982, ilitambua ngazi tatu za mamlaka nje ya miji mikubwa, yaani halmashauri ya wilaya, mamlaka ya mji mdogo na halmashauri ya kijiji. Mji mdogo hugawanywa katika vitongoji, kama kijiji kinavyogawanywa, wala si katika mitaa kama ilivyo kwa manispaa na majiji, na mamlaka yake hubaki chini ya halmashauri ya wilaya. Mpangilio huu unaeleza vizuri hali halisi ya mahali kama Kongwa, ambapo mtumishi wa serikali, mwenye duka na fundi cherehani wanaishi jirani na mkulima anayetoka alfajiri kwenda kupalilia mtama wake, na ambapo mara nyingi mtumishi huyohuyo naye ana shamba na mbuzi wachache. Mstari kati ya mji na shamba haupo ardhini, bali upo katika makaratasi.

Jambo la kwanza linaloitawala ardhi hii ni mvua. Ugogo imekaa nyuma ya milima ya mashariki, ile ya Ukaguru na Rubeho, ambayo huzuia upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, hivyo upepo humwaga maji yake kwenye miteremko ya milima hiyo na kufika Ugogo ukiwa mkavu. Wanajiografia huiita hali hiyo kivuli cha mvua. Msimu wa mvua ni mmoja tu, unaoanza kwa kawaida Desemba na kumalizika Aprili, na baada ya hapo hufuata miezi saba au zaidi ya kiangazi ambamo vijito vyote hukauka. Kwa wastani mvua ya mwaka katika sehemu kubwa ya Ugogo ni kati ya milimita 500 na 600, lakini wastani huo unamdanganya anayeutegemea, kwa sababu tofauti kati ya mwaka na mwaka ni kubwa mno, na hata katika mwaka mwema mvua yaweza kunyesha kwa vishindo katika siku chache, ikakatika wiki tatu wakati mimea inachanua, kisha ikarudi ikiwa imechelewa. Maji ya uwanda huu huelekea mto Kinyasungwe, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mkondo wa mchanga mtupu, na katika wiki za mvua kubwa hugeuka mafuriko yanayobomoa tuta la Reli ya Kati kati ya Gulwe na Kilosa.

Jambo la pili ni udongo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kongwa ni udongo mwekundu wenye kiasi kikubwa cha mfinyanzi uliochanganyika na chembe kali za mchanga. Wakati wa mvua udongo huo hulimika, lakini mvua inapokatika na jua kuwaka hushikamana na kuwa mgumu kama tofali lililochomwa, hata jembe likigonga linaruka. Mtama, uwele na nyonyo huvumilia hali hiyo kwa sababu mavuno yake yako juu ya ardhi. Zao lolote linalozaa chini ya udongo liko katika hatari ya kuzikwa na mavuno yake yenyewe, na tofauti hiyo ndogo ya kibotania ilikuja kuwa na uzito mkubwa katika historia ya mji.

Wenyeji wa eneo hili ni Wagogo, jamii ambayo Mathias Mnyampala, mwenyewe Mgogo na mwandishi mashuhuri wa Kiswahili, aliiandikia kitabu cha historia na mila kilichotoka mwaka 1954. Mapokeo ya koo nyingi za Kigogo yanataja asili tofautitofauti, wengine Uhehe, wengine Ukaguru, wengine Unyamwezi na Ukimbu, kwa hiyo Ugogo si nchi ya ukoo mmoja ulioenea bali ni nchi iliyokusanya watu waliokubali masharti yake. Upande wa Kongwa, ulio mashariki kabisa, mchanganyiko huo ulizidi, kwa kuwa Wakaguru wako jirani milimani, na wafugaji Waparakuyo, ambao vitabu vya zamani huwaita Wakwavi, walipitisha mifugo yao katika mbuga zilezile. Nyumba ya asili ya Mgogo ni tembe, jengo la mstatili lenye kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo uliotandazwa juu ya fito, ambalo pande zake huzunguka ua wa kulaza ng'ombe. Paa bapa lingekuwa upumbavu katika nchi ya mvua nyingi, lakini hapa ni hekima, kwa sababu halihitaji nyasi ndefu ambazo hazipo, halishiki moto upesi, na juu yake huanikwa mtama, mboga za kukaushwa na maboga.

Tembe hizo hazikujengwa zikibanana. Kila kaya ilikaa umbali fulani na nyingine, karibu na mashamba yake, na ilikuwa tayari kuhama udongo ukichoka au maji yakikosekana. Mtemi, kiongozi wa eneo aliyekuwa na dhamana ya mawe ya mvua na ya kutoa ruhusa ya kuanza kulima, hakuwa mtawala wa dola yenye jeshi kama walivyokuwa watawala wa Uhehe, na sababu mojawapo ni kwamba watu waliotawanyika na wenye kuhamahama ni vigumu kuwatoza na kuwaamrisha. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja, bali aliwagawa kwa ndugu, wakwe na marafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja asibaki mikono mitupu. Huu ulikuwa mfumo wa bima, tena uliopimwa kwa vizazi vingi, na mtu anayeutazama kwa haki ataona kwamba uchache wa watu katika nchi hii haukutokana na nchi kusahauliwa, bali ulitokana na hesabu iliyokwisha kufanywa.

Wageni wa karne ya 19 walilijua jambo hilo kwa njia ya kiu. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika Mpwapwa, kwenye maji na chakula, kabla ya kuvuka pori kame la Marenga Mkali lililotajwa na karibu kila msafiri aliyeandika habari za njia hiyo. Wagogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita na wa kutumia maji, na wageni wengi waliandika kwa uchungu juu ya ushuru huo pasipo kufikiri kwamba kisima kinachonyweshwa msafara wa mamia ya watu mwezi wa Oktoba ndicho kisima ambacho wenyeji walitegemea kuwafikisha Desemba.

Pigo kubwa zaidi katika kumbukumbu za Wagogo lilikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na ukame ulipofuata hapakuwa na akiba wala nguvu kazi ya kuukabili. Njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliua watu wengi sana. Makadirio yanayotajwa na wanahistoria ni kiasi cha watu 30,000 katika jamii ya watu wapatao 150,000. Kwa maneno mengine, nchi ambayo maofisa wa Kiingereza waliikuta nyeupe, na ambayo miaka 26 baadaye ilielezwa kuwa haina watu wa kuikalia, ilikuwa nchi iliyopoteza karibu mtu mmoja katika kila watano ndani ya umri wa watu waliokuwa bado hai.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya aina yake. Vita ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini mafuta ya kula na siagi bandia viligawiwa kwa mgao. Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa tawi la Unilever, alipendekeza kwamba ardhi isiyokaliwa ya Tanganyika ilimwe karanga kwa mashine kwa kiwango kisichowahi kuonekana. Serikali ya chama cha Labour ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, nao ukapita nchini kwa wiki chache na kurudi na mpango wa mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000, ambapo mashamba 80 yangekuwa Tanganyika na mengine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa karibu pauni milioni 24. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliutetea mpango huo bungeni, na mwanzoni mwa 1947 kikosi cha kwanza kilifika Kongwa kuanza kazi.

Sababu za kuichagua Kongwa zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndizo zinazofunga jiografia na idadi ya watu katika fundo moja. Eneo lilikuwa karibu na Reli ya Kati, kichaka chake kilionekana chepesi kuliko cha kwingine, na, zaidi ya yote, watu wake walikuwa wachache, hivyo ardhi ingepatikana bila kuwahamisha wengi. Wapangaji walisoma uchache huo kama nafasi iliyokuwa ikiwangoja. Hawakuuliza kwa nini jamii ya wakulima na wafugaji, iliyoijua nchi hiyo kwa vizazi, haikujaza uwanda uliokuwa mtupu mbele ya milango yake, na rekodi za mvua walizokuwa nazo zilikuwa chache mno kuweza kulijibu swali hilo kwa takwimu. Kosa kubwa la mpango wa karanga, ambao umeandikwa sana kama kosa la mitambo na la siasa, lilikuwa kwanza kosa la kusoma idadi ya watu.

Mitambo nayo ilikuwa na hadithi yake. Viwanda vya Uingereza havikuweza kutoa trekta za kutosha mara moja, kwa hiyo zilinunuliwa mashine kuukuu zilizoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, nyingi zikiwa zimechakaa, na vifaru vya kivita vya Sherman vikageuzwa kuwa trekta. Bandari ya Dar es Salaam ilizidiwa na shehena, na reli ya njia moja ilikatwa na mafuriko mahali palepale ilipozoea kukatwa. Tawi la reli lilijengwa kutoka stesheni ya Msagali hadi Kongwa. Matingatinga mawili yalifungwa mnyororo mnene kati yao na kuuburuta katika kichaka ili kung'oa miti kwa mkupuo; juu ya ardhi kazi ilikwenda, lakini mizizi ilibaki chini, na majembe ya kuing'oa yalipinda na kuvunjika, huku chembe kali za mchanga zikiyala makali ya plau kabla ya muda wake. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kupanda ekari 150,000. Zilipandwa ekari zipatazo 7,500.

Wakati mashamba yakisuasua, mji ulivimba. Palipokuwa na kanisa la misheni, maduka machache na tembe zilizotawanyika, pakatokea katika muda wa miezi mahema na nyumba za mabati kwa mamia, karakana, hospitali, bohari, klabu za Wazungu na kambi za vibarua waliotoka pande zote za Tanganyika na nchi jirani. Maelfu ya watu walikuja kwa mshahara, na nyuma yao wakaja wauza pombe, wauza chakula, mafundi na wachuuzi. Bei ya nafaka na kuku vijijini ilipanda, jambo lililowanufaisha waliokuwa na ziada na kuwaumiza waliokuwa wakinunua. Maji yalikuwa suala la kila siku, kwa sababu visima vilivyowatosha watu wachache na ng'ombe wao havikuweza kuuhudumia mji wa mashine, na ilibidi kuchimba visima virefu na kusomba maji kwa magari. Mwishoni mwa 1947, baada ya mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam kusambaa kufuata njia ya reli, wafanyakazi wa Kongwa nao waligoma, wakidai ujira na hali bora ya maisha. Katika historia ya vyama vya wafanyakazi Tanganyika, mgomo huo unaonyesha kwamba kilichoitwa mradi wa kilimo kilikuwa tayari kimezaa mji wa viwandani katikati ya pori.

Sensa ya Tanganyika ya mwaka 1948 ilifanyika wakati uvimbe huo ukiendelea, na sensa iliyofuata, ya 1957, ilifanyika ukiwa umekwisha kunywea. Yeyote anayelinganisha hesabu hizo mbili kwa ajili ya kujua ukuaji wa Kongwa anapaswa kukumbuka kwamba ya kwanza ilipima kambi ya kazi na ya pili ilipima mji.

Shirika la Chakula la Ng'ambo lililoanzishwa na serikali ya Uingereza liliupokea mradi kutoka kwa United Africa mwezi Machi 1948, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer. Halikubadili maumbile ya nchi. Mvua za misimu iliyofuata zilikuwa haba, na pale karanga zilipokomaa udongo ulikuwa umekwisha kukauka na kuzishika ndani, zisichimbike kwa mashine wala kwa mkono kwa gharama ya maana. Alizeti ilijaribiwa, nayo ikapigwa na ukame. Shabaha ya ekari ilipunguzwa mara kadhaa, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo kama ulivyobuniwa na kufuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Mashamba mengine ya mpango huo, Urambo upande wa magharibi na Nachingwea upande wa kusini, yalikuwa na udongo na mvua bora kidogo, na Urambo baadaye ilipata riziki katika tumbaku. Kongwa, iliyochaguliwa kuwa ya kwanza, ndiyo iliyokuwa na masharti magumu kuliko zote.

Watu waliondoka kwa kasi ileile waliyokuja nayo, lakini majengo hayakuondoka, na historia ya Kongwa kwa miaka 20 iliyofuata ni historia ya majengo yaliyokuwa yakitafuta wakazi. Shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, iliyofunguliwa mwaka 1948, iliendelea katika nyumba za mradi hadi 1958, ilipofungwa na kuhamishiwa Iringa, mahali ambapo leo pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Ardhi iliyokwisha kufyekwa iligeuzwa malisho, na katika hatua hiyo wapangaji walifikia, kwa kuchelewa na kwa gharama kubwa, uamuzi ambao Mgogo yeyote angewapa bure: kwamba uwanda huu hulisha ng'ombe kwa usalama kuliko unavyolisha plau. Ranchi ya Kongwa, ambayo leo iko chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa na ina kiasi cha hekta 38,000, ilitokana na mashamba hayo ya karanga, na kituo cha utafiti wa malisho ya mifugo nacho kikapata makao hapohapo.

Mzunguko wa pili wa kujaa ulikuja baada ya uhuru. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulioanzishwa Addis Ababa mwezi Mei 1963 uliunda Kamati ya Ukombozi yenye makao Dar es Salaam, na serikali ya Tanganyika ikakubali kuwapokea wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Mahali pa kuwaweka palihitajika pawe mbali na mipaka, mbali na macho ya mji mkuu, na pawe na majengo tayari. Kongwa ilikuwa na sifa zote tatu. Kuanzia 1964 FRELIMO ya Msumbiji, kisha SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe zilipata kambi hapo, kila chama na eneo lake, chini ya uangalizi wa jeshi la Tanzania.

Samora Machel alikuwa miongoni mwa walioongoza mafunzo ya FRELIMO Kongwa kabla ya chama hicho kuhamishia uzito wake Nachingwea, nayo vilevile ni mji wa karanga. Chris Hani wa Afrika Kusini aliishi katika kambi ya ANC, na wengi wa wapiganaji walioingia Rhodesia pamoja na ZAPU mwaka 1967 walikuwa wamepita Kongwa. Kikundi cha kwanza cha SWAPO kilichorudi Namibia kwa siri kiliondokea hapo mwaka 1965, na mapigano ya Omugulugwombashe ya Agosti 26, 1966, yaliyoanzisha vita vya ukombozi wa Namibia, yalitokana na safari hiyo. Maisha ya kambini hayakuwa ya kishujaa kila siku. Vijana waliofundishwa Algeria, Misri, Urusi na China walikaa miezi na miaka wakisubiri njia ya kurudi kwao, na kungoja huko kulizaa manung'uniko dhidi ya viongozi katika zaidi ya kambi moja. Walicheza mpira na vijana wa mji, walinunua sokoni, walijifunza Kiswahili, baadhi wakawa na familia na wanawake wa Kongwa, na wengine walifia hapo na makaburi yao yamebaki. Kwa demografia, yaani elimu ya idadi na mienendo ya watu, wakazi wa namna hii ni mtihani, kwa kuwa hawakuwa raia, hawakuwa wahamiaji wa kudumu, na kwa sababu za usalama haikufaa idadi yao itangazwe.

Mabadiliko ya ukaaji wa wenyeji wenyewe yalikuja kwa njia nyingine. Baada ya ukame na njaa za mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ilianzisha Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, ambapo kaya zilizotawanyika zilikusanywa katika vijiji vya ujamaa, miaka michache kabla ya operesheni za vijiji kuenea nchi nzima. Huduma za shule, zahanati na bomba ziliwezekana kwa urahisi zaidi katika vijiji hivyo, na hilo halipingiki. Lakini kukusanyika kuliondoa ile nafasi kati ya kaya na kaya iliyokuwa kinga ya malisho na udongo, ardhi ya karibu na vijiji ikachoka upesi, na mwendo wa kutafuta kuni na malisho ukarefuka.

Wilaya ya Kongwa ilimegwa kutoka Mpwapwa katikati ya miaka ya 1990, na mji uliokuwa umeachwa na mradi, kisha na kambi, ukapata kwa mara ya kwanza sababu ya kudumu ya kuwa mji, nayo ni ofisi. Wilaya ina eneo la kilomita za mraba 4,041. Sensa ya 2002 ilihesabu watu karibu 250,000, sensa ya 2012 ikahesabu 309,973, yaani watu wasiozidi 77 kwa kila kilomita ya mraba kwa wastani, na ile ya 2022 ilionyesha wilaya imevuka 400,000, katika muongo ambao mkoa mzima wa Dodoma ulipanda kutoka 2,083,588 hadi 3,085,625. Sehemu ya ongezeko la mkoa inatokana na serikali kuhamia Dodoma, lakini katika wilaya ya mashambani kama Kongwa mchango mkubwa unatoka kwa uzazi na kwa kupungua kwa vifo vya watoto. Ni idadi ambayo wenyeji wa zamani hawakuwahi kuikaribia, na inabebwa na visima virefu, mahindi yaletwayo kwa malori na barabara ya lami, wala si na mvua iliyoongezeka.

Uhusiano kati ya maji na watu ulichunguzwa kwa undani Kongwa kuliko katika wilaya nyingi za Afrika, kwa sababu ya ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, maambukizi ya macho yanayojirudia utotoni hadi kope zikapinda kwa ndani na kukwaruza kioo cha jicho mpaka mtu anapofuka. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na shirika la Helen Keller International walifanya kazi katika vijiji vya Kongwa, ambako ugonjwa huo ulikuwa mwingi mno, na matokeo yao yalisaidia kujenga mkakati unaotumiwa sasa na Shirika la Afya Duniani, ambao huunganisha upasuaji, dawa, kunawa uso na usafi wa mazingira. Waligundua kwamba umbali wa kisima haukueleza kila kitu. Ndani ya kaya ndoo iliyotoka mbali ilikuwa na mgawanyo wake, wa kupikia, kunywa na mifugo, na uso wa mtoto ulikuja mwisho kwa sababu wazazi waliamini kuuosha kungemaliza maji mengi. Watafiti na wanakijiji walipopima pamoja, kwa kumimina lita moja polepole mikononi, walikuta lita hiyo inaosha nyuso nyingi kuliko mtu yeyote alivyokisia. Ni mfano mmoja, lakini ni wa kipimo kilichofanyika mbele ya wenye maji, jambo ambalo mpango wa 1947 haukulifanya.

Leo wakulima wa wilaya hulima mahindi, mtama, uwele, alizeti na karanga, hizi za mwisho katika mashamba madogo, kwa jembe la mkono au la ng'ombe, zikivunwa wakati udongo ungali na unyevu. Biashara kubwa ya nafaka haiko Kongwa mjini bali Kibaigwa, mji mdogo mwingine wa wilaya hiyohiyo uliokaa juu ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, ambako mahindi ya Kongwa na Kiteto hupimwa na kupakiwa kwenye malori yaendayo Dar es Salaam na nje ya nchi. Tawi la reli kutoka Msagali liling'olewa zamani. Makao makuu ya wilaya yamebaki Kongwa, na soko limebaki Kibaigwa.